Waya za Kigongo

Tumevuka daraja la Kigongo–Busisi kwa dakika chache tu, na binti yangu akageuka kutazama maji ya Ziwa Victoria. "Baba, sasa zile waya za kwenye buti ni za nini?"

Mama yake akacheka. Mimi nikaongeza sauti ya redio.

Enzi za kivuko, foleni ya Kigongo ilikuwa muuaji wa betri. Unawasha, unasogea hatua kumi, unazima. Kila ukipiga stata betri inatoa zaidi ya ampea 100, na alteneta ikizungushwa nusu dakika hairudishi kitu cha maana. Weka na taa, redio, simu mbili kwenye chaji. Usiku ule nilisogea hivyo mara 15 hivi. Iliyofuata gari likajibu tik-tik-tik. Nalo ni otomatiki, hata vijana wa kusukuma wakaniangalia tu.

Mbele yangu palikuwa na Fuso la dagaa. Nilishabana klipu nyekundu ya waya za kuazima umeme wa betri kwenye chanya yangu, napeleka ncha ya pili kwenye betri ya kwanza niliyoiona pale, dereva akanidaka mkono.

"Hapo unaunguza gari zima, kijana."

Akamulika tochi. Betri mbili za volti 12, zimeungwa kwa waya mfupi kuwa 24. Akafuata kwa kidole waya wa hasi unaoshuka kwenye chesisi. "Yenye waya huu ndiyo ya kwako. Ile nyingine sahau kama ipo." Fuso akaliacha limezimwa. Nyekundu kwenye chanya ya betri ile, nyeusi kwenye hasi yake hiyo hiyo, na nyeusi ya mwisho akaibana kwenye boliti ya injini yangu, mbali na betri, maana pale hutoka gesi ya haidrojeni na cheche moja yatosha.

Kabla sijapiga stata akashika kichwa cha betri yangu, kile kibano cha waya juu yake. Kikazunguka mkononi mwake kama kifuniko cha chupa, unga mweupe ukamwagika. Hakusema kitu. Akakikwangua kwa kisu, akakikaza kwa spana, akapangusa mikono kwenye suruali.

Likawaka. Tukatoa waya kwa kuanzia na ile ya mwisho. "Wabeja sana, mzee," nikamshukuru kwa Kisukuma, naye alishapanda.

Kivukoni ilibidi nizime kama wengine. Hadi Busisi tumbo lilinikata. Likawaka mara moja. Asubuhi, Geita, mita ikasoma volti 12.5. Betri nzima kabisa. Basi ilikuwa waya au spana? Sijui hadi leo, na pesa ya waya nilishatoa.

"Za kusaidia watu," nilimjibu binti, baada ya kimya kirefu.

Sikumwambia kwamba alfajiri, kabla hawajaamka, nilikishika kichwa kile kwa mkono. Kilicheza kidogo. Nikatafuta spana namba 10.