Nilivyopata ufadhili wa uzamivu bila kuandika andiko la kulialia

"Dada, wafadhili wanapenda takwimu za huzuni. Wape Afrika iliyosahaulika." Ushauri huu nilipewa na kila mtu, akiwemo msimamizi wangu, na ukiufuata utazeeka ukiomba. Andiko letu la kwanza likafunguliwa na zile asilimia maarufu: mwaka 2009, asilimia 96 ya washiriki wa tafiti kubwa za vinasaba walikuwa na asili ya Ulaya, mwaka 2016 bado walikuwa 81. Kweli tupu, ila mhakiki anayepima maombi anazijua kwa moyo, na waombaji wengine nao wamezinukuu. Tukakataliwa. Maoni yalikuwa mafupi: data za awali ziko wapi?

Data za awali! Kupima vinasaba vya watu hata mia moja kunakula mamilioni ya shilingi, na mamilioni hayo ndiyo nilikuwa naomba.

Mada yangu ni tamoksifeni. Mama mwenye saratani ya matiti inayochochewa na homoni hupewa miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano, wengine kumi. Dawa yenyewe haina makali sana mpaka ini liigeuze kuwa endoksifeni, na kazi hiyo hutegemea zaidi kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6. Jeni yake ina aina nyingi, na sisi wa fani huziita kwa nyota na namba. Wazungu wanasumbuliwa zaidi na nyota 4, inayozima kimeng'enya kabisa. Kwetu hiyo ni chache. Tunazo nyota 17 na nyota 29, ambazo zinakipunguzia kasi. Nyota 29 ilichambuliwa na kuelezwa mwaka 2001 kutokana na utafiti kwa Watanzania, yaani ni ya kwetu kabisa! Sasa sikia kinachoudhi: kipimo kisipoitafuta aina fulani, hakisemi "sijui". Kinaandika nyota 1, yaani mtu wa kawaida. Mama anaondoka na karatasi ya kusema yuko sawa kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo ujanja wangu ulipozaliwa, na najisifu bila aibu. Mradi wa Jenomu 1000, wa kimataifa wa kusoma vinasaba vya watu wa sehemu mbalimbali za dunia, ulimaliza awamu ya tatu mwaka 2015 ukiwa na watu 2,504, na ndani yake wamo Waluhya wa Webuye, Kenya. Data zake ni bure kwa yeyote. Wenzangu walinitisha kwamba mafaili ni makubwa, nitahitaji seva ya chuo. Seva ya nini? Jeni ninayoitaka iko kromosomu ya 22, na kuna programu, nayo ya bure, inayokata kipande unachotaka kutoka mbali na kukuletea hicho tu. Nilitumia laptopu ya mkopo na bando la usiku. Tatizo likawa jirani yake, CYP2D7, jeni mfu inayofanana nayo mno hadi usomaji unachanganyikiwa. Nikatafuta zile sampuli rejea ambazo maabara kadhaa zimeshazipima na kutangaza majibu, nikasahihisha usomaji wangu kwa hizo mpaka ukakubaliana nazo.

Kisha nikawasoma watu walewale mara mbili. Kwanza nikajifanya kipimo cha bei nafuu, nikatafuta aina za Ulaya tu. Halafu nikaongeza 17 na 29. Waliohama kutoka "kawaida" kwenda "kasi ndogo" nikawaweka kwenye jedwali moja, na jedwali hilo likawa ukurasa wa kwanza wa andiko la pili. Idadi sitaitaja hapa, makala haijatoka. Kwamba Mluhya si Msukuma wala Mmakonde nililiandika mwenyewe kabla mhakiki hajapata nafasi ya kulisema, kisha nikaongeza: ndiyo maana naomba pesa.

Mhakiki mmoja alinibana vizuri. Hata huko Ulaya, alisema, wataalamu wanabishana kama CYP2D6 inabadilisha kweli matokeo ya mgonjwa. Nikamjibu kwamba ubishi huo umejengwa zaidi juu ya wagonjwa ambao nyota 17 na 29 ni nadra kwao, na kwamba mimi siahidi kuthibitisha nani atapona. Naahidi kupima endoksifeni kwenye damu. Hilo linamalizika ndani ya uzamivu. Ukiahidi kuokoa maisha ndani ya miaka mitatu, utacheka mwenyewe mwaka wa pili.

Bajeti: kwa upande wa vinasaba nilichagua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, nikakwepa gharama kubwa ya freza na barafu kavu. Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mkataba wa kuhamisha sampuli uanze kuvishughulikia mapema.

Wafadhili waliponiita kujadili fedha, walitaka kufuta nauli za wagonjwa, eti si gharama ya kisayansi. Nikawauliza: nisipolipa nauli, nitampata nani zaidi ya wakazi wa Dar es Salaam? Mgonjwa wa Kigoma akikosekana, neno "jumuishi" kwenye kichwa cha mradi tulifute pia. Nauli zimebaki. Walichokata ni safari yangu ya mkutano wa nje, na hata hiyo nimeshapata mlango mwingine wa kuiombea.