Nilivyoitafuta Kampuni ya Lincoln, Nikakuta Bei ya Mahindi

Walioniambia "ingia mtandaoni tu, kila kitu kipo" nimewasamehe. Aliyenituma Omaha, mji wa jimbo la Nebraska, bado.

Wasemaji wa Kiswahili hapa Des Moines, jimboni Iowa, Marekani, wengi wao Wakongo, walinipa dakika 20 za kuzungumza mwezi wa historia ya Weusi. Nikachagua Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya Wamarekani Weusi iliyotoa filamu za kimya kuanzia 1916 na haikufikisha hata miaka kumi. Kisa cha kuichagua ni cha kijinga: nilikuwa naangalia King Kong ya 1933, nikasoma kwamba yule chifu wa kisiwani, Noble Johnson, aliwahi kuwa rais wa kampuni yake mwenyewe ya filamu. Nikasema huyu ndiye wangu.

"Kaka, nenda Omaha, ndiko walikoanzia. Studio yao utaikuta," akaniambia rafiki yangu mjuzi wa mambo yote. Saa mbili barabarani. Nikazunguka North Omaha kwenye upepo wa Januari na koti la mtumba ambalo zipu yake iligoma, nikitafuta studio. Mwishowe nikajisalimisha maktaba, na mkutubi akaniangalia kwa huruma. Kumbe filamu zilitengenezwa Los Angeles. Aliyekuwa Omaha ni mdogo wake Noble, George, mfanyakazi wa posta, ambaye baada ya kazi alikuwa akiandikia majumba ya sinema na kupanga filamu ziende wapi. Ndiyo maana baadhi ya vitabu vinaandika Omaha na vingine Los Angeles. Narudi kwenye gari, faini ya maegesho inanisubiri kiooni. Mafuta, chakula na hiyo faini, tuseme dola mia na ushee.

Sasa magazeti ya zamani. Nilitafuta "Lincoln" mtandaoni kwenye magazeti ya Nebraska, na mji mkuu wa Nebraska unaitwaje? Lincoln! Usiku mzima nasoma bei ya mahindi, kesi za wizi wa farasi na hotuba za magavana. Ukiponyoka hapo unamkuta Abraham Lincoln mwenyewe, yule rais. Usiku wa tatu ndipo akili ilinijia: achana na jina la kampuni, tafuta watu. Nikaandika "Noble Johnson", kisha "Clarence Brooks", mwigizaji wao mwingine, kisha "Troop K". Matangazo yakaanza kutoka kama kumbikumbi baada ya mvua, hasa kwenye The Monitor, gazeti la Weusi la Omaha. Mke wangu aliamka kwa kelele zangu akadhani tumeibiwa.

Hiyo Troop K ni filamu yao kuhusu askari Weusi waliopigana Carrizal, Mexico, Juni 1916, yaani habari ilikuwa bado ya moto. Lakini Noble alikuwa pia anaigiza Universal, studio kubwa ya Hollywood, na filamu zake mwenyewe zikawa zinashindana na za mwajiri. Mwaka 1918 akalazimika kujitoa Lincoln. Mwaka huohuo janga la homa ya mafua likafunga majumba ya sinema. Mwaka huohuo tena Lincoln wakataka kununua hadithi ya Oscar Micheaux, mwandishi Mweusi wa riwaya. Naye akataka aongoze filamu mwenyewe, wakakataa, akaenda kuanzisha ya kwake na akawapita mbali. Siku ya hotuba, nilipofika hapo ukumbi mzima uliguna.

By Right of Birth ya 1921 ndiyo filamu ya mwisho ya Lincoln, na imebaki vipande vya dakika nne hivi. Nikavionyesha ukutani, nikavisimulia kwa sauti kama wale watafsiri wa mabanda ya video, nikiwatilia waigizaji maneno yangu. Mama mmoja akauliza, "Baba, imeisha?" Tukairudia mara tatu.

Yule rafiki alikaa mstari wa mbele. Wakati wa chai nikamsikia akiwaambia watu, "Mimi ndiye niliyempeleka Omaha."