Kilo 15 za Kwenda Mafia

Mara ya kwanza nilifika kaunta na sanduku gumu la plastiki, lile jeusi lenye makufuli ambalo sisi wapiga picha tunalivuta kwa maringo kana kwamba ndani mna fedha za benki. Dada wa kaunta hata hakutaka kujua kilichomo. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, ko ko, akaniuliza, "Kaka, hili linakunjika?"

Nilicheka nikidhani ananitania. Kumbe yuko kazini. Ndege inayokwenda kisiwa cha Mafia kutoka Dar ni Caravan, ina injini moja na abiria 12 hivi, na mizigo yao inalazwa kwenye kasha lililobandikwa chini ya tumbo la ndege. Begi la kitambaa ukilisukuma humo linajinyonganyonga hadi lipate pa kukaa. Sanduku gumu halina adabu hiyo. Akaliweka kwenye mizani: kilo 22. Tiketi yangu iliandika 15, begi la mkononi likiwa humohumo.

Siku ile niliondoka na kamera, lenzi mbili na fulana mbili ndani ya kikapu nilichokinunua pale nje. Sanduku lilirudi Temeke na rafiki yangu aliyenileta kwa bajaji; bahati hakuwa amekwishapata abiria. Picha nilizorudi nazo kutoka Mafia sijawahi kumwonyesha mtu.

Safari ya pili ilikuwa Novemba, na maandalizi nilianza wiki mbili kabla. Sikuanza na begi. Nilianza na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano kama ya wauza samaki wa Feri, niliyoinunua Kariakoo. Nikapima kila kitu kimoja kimoja sebuleni, mke wangu akiandika. Ndipo nilipogundua kwamba lile sanduku, tupu kabisa, bila hata kifuniko cha lenzi ndani, lina kilo 6. Miaka yote nimekuwa nikibishana na watu wa mizigo juu ya kamera, kumbe ninachosafirisha ni sanduku!

Mke wangu ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi sikujiuliza: "Lakini unakwenda kupiga picha ya nini?"

Nilikuwa nakwenda kwa papa potwe. Samaki huyu ndiye mkubwa kuliko samaki wote duniani, na kati ya Oktoba na Machi huonekana kwa urahisi karibu na Kilindoni, akifuata uduvi. Anakula juujuu, mdomo wazi, mahali ambapo jua linafika. Hapo nikaanza kufikiri vizuri. Kama yuko juu na jua lipo, flashi mbili za majini na mikono yake, kilo 3, za nini? Tena waongozaji hawataki umwashie flashi usoni. Lenzi ndefu ya kilo moja na nusu nayo ya nini? Uduvi na viumbe wengine wadogo wanaomleta ndio haohao wanaoyatia maji ukungu. Ukikaa mbali humwoni. Inabidi uwe karibu, na mnyama wa mita 6 au 7 ukiwa karibu naye anahitaji lenzi pana. Basi. Kamera moja, lenzi moja pana, nyingine ndogo ya mtaani ya gramu 300, na kasha la kuzamia, lile linaloikinga kamera na maji. Droni niliiacha kabatini, maana ina safari yake ya vibali, na safari hiyo inapita Mamlaka ya Usafiri wa Anga wala haiishii hapo.

Tripodi ilinisumbua roho. Nilitaka picha za majahazi alfajiri, na bila tripodi alfajiri huna kitu. Lakini ni kilo 2.4. Mtoto wa shangazi yangu hupeleka bidhaa Mafia kwa njia ya Mbagala na Nyamisati, anavukia hapo kwa boti. Nikampigia. "Lete," akasema, "ila usije ukanilaumu ikikaa chini ya magunia ya vitunguu." Tripodi haijawahi kufa kwa vitunguu. Ikatangulia siku mbili.

Betri zina hadithi yake. Miaka ya nyuma, kwenye uwanja mmoja wa bara, niliachia betri kubwa ya taa ya video kwa sababu maandishi yake yalikuwa yamefutika na sikuweza kumweleza mkaguzi ina wati-saa ngapi. Hakunionea. Nilikuwa sijui, naye hakuwa na namna ya kujua. Tangu siku hiyo nafanya hesabu mwenyewe, na ni hesabu ya darasa la tano: volti mara ampea-saa. Betri ya kamera yangu ni volti 7.2 na ampea-saa 2.28, sawa na wati-saa 16.4. Pawabenki ya miliampea-saa 20,000, yaani ampea-saa 20, ukizidisha kwa volti 3.7, ni 74. Zote ziko chini ya 100, hazina shida. Ile niliyoiacha ilikuwa volti 14.8 na ampea-saa 10, yaani 148, na kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, tena zisizidi mbili. Zaidi ya 160 usijisumbue kuibeba. Siku hizi kila betri yangu ina kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa namba yake kwa kalamu ya wino mzito, na kwenye vyuma vyake naweka plasta nyingine ili visigusane na funguo au sarafu. Na betri za akiba haziendi kwenye mzigo wa chini hata siku moja. Lithiamu ikishika moto ndani ya kabini mtu ataona moshi. Kule chini ataona nani?

Kufungasha nako kumebadilika. Zamani kila lenzi niliiviringisha kwenye mfuko wa rambo. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, nikahamia kanga za mama zilizochakaa, na kusema kweli kanga ni bora: haifungii unyevu ndani kama rambo, inakinga mtikisiko, na ukifika unajifunga kiunoni. Katikati natupia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Kasha la kuzamia nalisafirisha bila ule mpira wake wa kuziba maji. Mpira unakaa pembeni kwenye kikopo. Ukilifunga kabisa, hewa uliyoifungia chini na hewa ya huko juu hazilingani, na siku ya kulifungua utaomba msaada wa mafundi gereji.

Usiku wa mwisho mizani ilisoma kilo 14.2. Nililala vizuri.

Asubuhi, shetani akanipitia. Nikafikiri, kwa nini lenzi ndefu isiende? Ninalo koti la mifuko mingi, lile la wavuvi. Nikaitia lenzi mfuko wa ndani, chaja mfuko mwingine, na diski mbili mfuko wa kifuani. Nikafika kaunta nikitembea kama mjamzito. Begi likapimwa, 14.2, safi. Kisha yule kijana wa kaunta akaniambia kwa heshima zote, "Sasa wewe mwenyewe, kaka. Panda."

Sikujua kwamba kwenye ndege ndogo abiria naye hupimwa. Rubani anataka kujua uzito wote na nani akae wapi. Nilipanda mizani na koti langu, na watu 5 nyuma yangu wakitazama. Kijana akaangalia namba, akaniangalia mimi, akaangalia mfuko wa koti uliofura. "Kaka, hiyo chupa ya chai?" Nikaitoa lenzi. Ilirudi mjini na rafiki yuleyule wa bajaji, ambaye safari hii nilimwambia tangu mwanzo asiondoke hadi aone ndege iko juu.

Kwenye Caravan hakuna rafu juu ya kichwa. Mpakiaji alitaka kila begi liende tumboni, hata lile dogo. Nilimwonyesha betri. "Mzee wangu, hizi haziruhusiwi kukaa chini." Akamwita kapteni, kapteni akazitazama zile plasta zenye namba, akatikisa kichwa kukubali. Begi dogo likakaa chini ya kiti cha mbele yangu, na kwa kuwa betri zilikuwa humo pamoja na kamera, kamera nayo ikapata kiti. Huo ujanja ni wa bure na ni wa kweli, wala sijaona mtu akiukataa.

Safari ni kama nusu saa. Lenzi ndogo ya gramu 300, ambayo nilikuwa nimeibeba bila sababu ya maana, ndiyo iliyonipa picha ya kwanza: delta ya Rufiji kupitia dirishani, mito ikijigawa ndani ya mikoko kama mishipa mgongoni mwa kiganja. Nilizima flashi ya kamera, nikaisogeza lenzi karibu na kioo bila kukigusa, kwa sababu kioo kinatetemeka na injini. Ndiyo picha niliyoiuza kabla ya zile za papa potwe.

Papa potwe nao walikuja siku ya tatu, wawili, na lenzi pana ilitosha. Majahazi niliyapata alfajiri na tripodi iliyonuka vitunguu.

Kurudi ndiko kulikonishinda. Mama mwenye nyumba niliyofikia alinifungia pweza mkavu na nazi 4, na zawadi ya mtu mzima hairudishwi. Mizani ya uwanja wa Kilindoni ilisoma kilo 19. Ilibidi nimpigie tena mtoto wa shangazi, aliyekuwa bandarini tayari anapakia. Nazi na pweza vikaingia kwenye mfuko wa tripodi, vikavuka hadi Nyamisati, vikafika Mbagala baada ya siku tatu za jua. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi Upanga. Nilipofungua ule mfuko ukumbini, bibi harusi alikuwa wa kwanza kugeuka.