Ghala la Nix Lililojengwa kwa Mafaili Tu

Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari mwezi Mei 2024, ofisi yetu ndogo hapa Shangani, Mtwara, ilibaki na intaneti ya kusuasua, na ndipo nilipoamua kwamba kompyuta zetu sita hazitapakua tena kitu kilekile mara sita. Tunasakinisha programu kwa Nix, chombo cha kusimamia programu za kompyuta, ambacho hukubali kuchukua vifurushi vilivyokwisha kujengwa (sisemi vile vya kununua kwa simu, ingawa hivi vilikuwa vikivimaliza vile) kutoka ghala lolote linalofikika kwa HTTP, njia ileile ya kurasa za wavuti.

Ghala lenyewe ni mafaili tu. Amri ya nix copy --to file:///srv/ghala hunakili programu pamoja na kila inachokitegemea, ikaacha faili la nix-cache-info, saraka ya nar yenye vifurushi vilivyobanwa, na mafaili madogo ya narinfo. Hakuna hifadhidata, kompyuta kuukuu yenye nginx, programu ya seva ya wavuti, inatosha. Katika nix-cache-info niliandika Priority: 30, kwa kuwa cache.nixos.org, ghala rasmi la Nix mtandaoni, hujitangaza kwa 40 na namba ndogo ndiyo hutangulia.

Wakulima wa korosho wataielewa narinfo upesi nikiifananisha na stakabadhi ya ghalani: mzigo uko kwingine, lakini karatasi inataja ulipo, ukubwa wake, alama ya kuutambua, na saini.

Saini ndiyo iliyoniponza. Vifurushi vilivyotoka cache.nixos.org vilikuja na saini zake, vikapokewa bila swali, nami nikadhani kazi imekwisha. Kumbe programu tulizozijenga wenyewe hazikuwa na saini yoyote, na kila kompyuta ilizikataa kwa onyo la mstari mmoja ambalo hakuna aliyelisoma, ikaanza kuzijenga upya kutoka msimbo chanzo hadi feni zikavuma. Nilitengeneza jozi ya funguo (wa siri wa kutia saini, na wa umma wa kuihakiki) kwa nix-store --generate-binary-cache-key, nikazitia saini programu zile humo ghalani kwa nix store sign, kisha nikauandika ufunguo wa umma katika trusted-public-keys, orodha ya funguo zinazoaminiwa, ya kila kompyuta; anwani ya ghala ilikuwa tayari katika substituters, orodha ya maghala ya kuchukulia vifurushi. Ufunguo wa siri siuweki kwenye seva.

Kero moja imebaki: kompyuta ikiulizia kifurushi ambacho hakijawekwa, hulishikilia jibu la kwamba hakipo kwa saa nzima, hivyo siku hizi nanakili kwanza ndipo ninapowaambia wenzangu wasakinishe.