Wellington ndogo ndogo, kila mtu na yake

Kama unapikia familia yenye wazee Beef Wellington, yaani fileti ya ng'ombe iliyofungwa ndani ya pestri, ule unga wa matabaka ya siagi, nakuomba tafadhali usioke lile lidude moja kubwa la kukatwa mezani. Fanya ndogo ndogo. Najua kubwa ndio inapendeza kwa picha, ile wanapasua katikati unaona duara la nyama ya pinki, uyoga umeizunguka, alafu pestri ya rangi ya dhahabu nje. Sasa hiyo pinki ndio shida yenyewe. Jaribu kumpelekea mama yangu kipande cha nyama kina wekundu katikati uone venye atakuangalia, atakuuliza kwa upole kabisa kama gesi iliisha.

Tulikuwa tunamfanyia baba dinner ya kustaafu, hapa kwetu nyumbani, watu wanane. Baba hakutaka hoteli, alisema amekula chakula cha semina miaka yote hiyo inatosha. Nikaanza kupiga hesabu ya nani anakula nyama vipi. Mimi, mume wangu na kaka yangu tunapenda pinki. Baba na binamu yangu wako hapo katikati, iwe imeiva lakini iwe na maji maji. Mama, anti yangu na wifi yangu wanataka iive, na wakisema iive wanamaanisha iive, hakuna mjadala. Kwa Wellington moja kubwa huwezi kuwafurahisha hawa wote, juu nyama ni moja na moto ni mmoja, labda wale wa pinki wakae na nyama kavu ama mama akae na njaa. Ndogo ndogo inamaliza hiyo kesi yote kabla haijaanza.

Na kabla mtu hajasema eti wazee hawajui nyama, ngoja. Hiyo woga yao iko na sababu. Kuna mnyoo tegu, ng'ombe anaupata malishoni akila nyasi yenye uchafu wa watu, na ule mtoto wake anajificha ndani ya nyama, wewe ukila mbichi unakuwa nyumba yake mpya. Nyama ikifika digrii 63 kwa ndani na ukaiacha ipumzike dakika kama tatu, anakufa. Pinki yenyewe tunayoipenda iko kama 54 mpaka 57, haifiki hapo. Kwa hivyo kama unataka pinki Nairobi, kwanza nunua nyama yenye muhuri wa ukaguzi, usinunue ya kuletewa na pikipiki na mtu humjui, na ya pili igandishe kwanza kwa friza kali siku kadhaa, baridi pia inawamaliza. Yangu ililala friza alafu ikashushwa kwa friji ya kawaida iyeyuke polepole. Ikitoka hapo inakuwa imetoa maji, ikaushe vizuri sana na tishu za jikoni la sivyo haitakaangika, itachemka tu kwa pani.

Fileti nilitoa City Market, pale Muindi Mbingu Street, na kazi kubwa ilikuwa kumzuia jamaa wa bucha asiikate. Mkono wake ulikuwa tayari juu na panga.

"Kastama wangu, nikukatie ya stu?"

"Hapana boss, niwekee nzima hivyo hivyo."

"Fileti nzima? Madam kuna harusi?"

Nikamwambia ni zaidi ya harusi. Akacheka, akaniondolea ule utando mweupe unaong'aa bila hata kuniuliza, kitu ambacho nilikuwa nimejipanga kufanya mwenyewe nyumbani nikilia, juu ule utando hauivi, unajikunja tu na kuvuta nyama. Mabaki yote nikabeba, tutayafikia. Uyoga nikapitia soko la City Park nikachukua vile vidogo vyeupe vya kufunga kwa trei.

Fileti haina unene mmoja. Kuna kichwa kinene, kuna katikati penye pako sawa, na kuna mkia unaenda ukichongoka. Wanaofanya ile kubwa wanatupa mkia pembeni ama wanaukunja, lakini wewe wa ndogo ndogo hapa ndio umebarikiwa: mkia ni wembamba kwa hivyo unaiva haraka, hizo ndio za mama na anti na wifi. Katikati ni za pinki. Kichwa ni cha akina baba. Kata vipande vya gramu 150 mpaka 180, vya mkia unaweza kuvikunja viwili ukafunga na uzi viwe vinene kidogo.

Pani iwake hadi itoe moshi, mafuta kidogo ya kawaida siyo siagi, chumvi kwa nyama dakika ileile unaiweka. Dakika moja kila upande, na usisahau ubavu. Unatafuta rangi tu, hupiki. Lakini zile za kuiva kabisa usizitoe hapo, zisukume ndani ya oveni dakika nane mpaka kumi bila nguo yoyote, ndio baadaye zikivaa pestri zimalizie safari. Watu wengi wanafikiri utaweka tu ya kuiva kwa oveni mapema na ya pinki baadaye, lakini haifanyi kazi hivyo, pestri inahitaji muda wake uleule kila moja, ukiongeza dakika kumi na tano kwa pestri unapata mkaa. Kwa hivyo tofauti ya kuiva unaimaliza kabla ya kufunga. Hii ndio siri nzima ya hii post, wengine mnaweza kwenda kulala sasa.

Zikiwa bado moto zipake haradali, alafu ziache zipoe kabisa, ziwe baridi, siyo vuguvugu. Nyama ya moto ndani ya pestri inayeyusha siagi kabla haijafika kwa oveni na umebaki na unga uliolowa. Na ule mchuzi utakaotoka kwa sahani usimwage.

Sasa uyoga. Uyoga ni maji, yaani karibu asilimia 90 ya ule uzito umelipia ni maji, na hayo maji usipoyatoa wewe kwa sufuria yatatokea yenyewe ndani ya pestri. Katakata laini sana karibu uwe uji, nusu kilo inatosha watu wanane, weka na kitunguu kidogo, saumu, thaimu kama uko nayo, kwa pani pana bila kifuniko. Mwanzoni utaona umejaa, alafu unalia machozi yake yote, alafu unaanza kukauka, hapo ndio watu wanatoa. Usitoe! Endelea dakika ishirini hivi, mpaka ukivuta mwiko katikati ile njia inabaki wazi na hakuna kitu kinarudi. Pilipili manga, chumvi kidogo, poza.

Ya Waingereza wengi wanafungia nyama na ham ya nguruwe ndio izuie maji yasifike kwa pestri. Wifi yangu ni Mwislamu wa Mombasa, kwa hivyo hiyo haikuwa hata ya kufikiriwa, na sitapika yake kando kama mgonjwa. Lakini kuna mapishi ya Wellington yanatumia chapati nyembamba ya Kifaransa kwa hiyo kazi, na mimi nikaangalia nikasema, si hizi ni chapati za maji? Unga, yai, maziwa, chumvi, mimina nyembamba kwa pani. Kila mtoto wa hii nchi amekula na chai. Na inafanya kazi kushinda hata ham, juu inanyonya ule mchuzi badala ya kuuzuia tu, ukiuma unakuta tabaka laini lenye ladha ya nyama. Nilitia dania kidogo kwa mchanganyiko, si lazima.

Hilo jina la Wellington, eti ni kwa sababu ya Duke wa Wellington, yule alimpiga Napoleon pale Waterloo mwaka wa 1815, lakini hakuna anayeweza kuthibitisha kama mzee aliionja hata mara moja, na Wafaransa walikuwa tayari wanafunga nyama kwa unga na kuioka. Anti yangu alipoiona akauliza ni meat pie za wapi hizi zimenona hivi. Sijambishia.

Kufunga ni hivi: chapati ya maji chini, pakaza uyoga, nyama katikati, kunja kama unafunga zawadi, ivute na ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula mpaka ikaze iwe mpira, friji nusu saa. Pestri nilinunua ile iliyogandishwa ya supamaketi na sioni aibu. Kuitengeneza unakunja unga na siagi mara tatu tatu, ukifanya hivyo mara sita ni matabaka 729, na mimi niko na kazi Jumatatu. Angalia tu paketi iwe imeandikwa siagi, zile za mafuta tu zinaganda juu ya mdomo. Iyeyushe kwa friji usiku kucha siyo juu ya meza, sukuma iwe kama milimita tatu, paka yai pembeni, funga ukigeuza mshono uwe chini, na ukate zile pembe za ziada, zikijikusanya chini zinabaki mbichi.

Juu unapaka yai alafu unapasua na kisu ili mvuke utoke. Hapo ndio nikaweka alama: mpasuo mmoja ni pinki, miwili ni katikati, mitatu ni ya kuiva. Andika hata kwa karatasi ubandike kwa friji, juu saa ya kupakua kutakuwa na watu watano jikoni wanaongea na hakuna hata mmoja anasaidia.

Zirudishe friji tena. Oveni iwe 200 na trei iwe ndani inapata moto peke yake, ndio ukiweka pestri kwa trei ya moto sehemu ya chini ianze kuiva hapo hapo. Dakika 20 mpaka 25. Kama uko na kipimajoto cha nyama, choma kwa ubavu: za pinki toa zikiwa kama 50, zitapanda zenyewe zikipumzika, za katikati kama 58, na za akina mama zikivuka 68 uko salama, zitafika 70 na kitu zikiwa mezani. Kipimajoto si lazima lakini fileti ya bei hiyo siwezi nikaipikia kwa maombi. Na kama oveni yako ni ya stima chaji simu mapema na uwe na mpango, sisemi zaidi. Pumzisha dakika kumi kabla mtu hajagusa.

Yale mabaki ya bucha nilikaanga mpaka yakawa kahawia kabisa na kitunguu na karoti, nikatia maji, nikaacha yachemke polepole saa mbili nikifanya mambo mengine, nikachuja, nikarudisha kwa moto yapungue na ule mchuzi wa kwa sahani. Mapishi yanataka divai hapa. Nilitumia maji ya ukwaju vijiko viwili, na kusema ukweli hata kama nyumba yangu ingekuwa na mapipa ya divai ningetumia ukwaju tena, ile ukali wake inakata siagi ya pestri vizuri sana. Pembeni viazi vya kuponda na managu, zile mboga za majani. Managu na pestri watu hawajui, ule uchungu kidogo unafanya urudi kuuma tena. (Viazi anza mapema, hapa juu kwetu maji yanachemka kwa kama digrii 94 na viazi vinajua.)

Baba alikula yake ikaisha, akavuta sahani ya binamu akakagua mpasuo ni miwili kama yake, akaridhika. Mama alipasua yake katikati kabla ya kuomba sawasawa, akachungulia, akasema, "Hii imeiva," na akanyamaza akala, na kwa mama hiyo ni hotuba. Nakubali ya kuiva inakuwa kavu kidogo kuliko ya pinki, fileti haina mafuta ya kuiokoa, lakini chapati na uyoga na mchuzi mwingi vinaificha na yeye hakulalamika. Anti alimaliza, akafuta mdomo, akauliza, "Na ugali?" Ikabidi nisonge.

Kitu kizuri kingine, unaweza kuzifunga zote jioni ya jana yake, ukazifunika kwa friji, na siku yenyewe unapaka tu yai na kuoka, ukiwa umeoga na umevaa. Usizilaze zaidi ya usiku mmoja, pestri itaanza kulowa. Zile pembe ulizokata zinyunyize sukari na mdalasini uoke kwa ile trei ya moto, mimi nilikuta zimeisha kabla hata wageni hawajafika na hakuna mtu mpaka leo amekubali ni yeye.