Uhandisi mitambo: shafti ya tatu ndiyo iliyoingia

"Dogo, mitambo ni mitihani ya nyuma. Kusanya ya miaka mitano, kariri, utatoka." Ndivyo walivyoniambia waliotutangulia. Nikawaamini, nikala sapu, mtihani wa marudio, ya uimara wa vifaa. Swali lilikuwa lile lile nililolikariri. Mwalimu alihamisha mzigo tu, kutoka katikati ya boriti hadi kwenye theluthi, nikabaki nakodolea karatasi macho.

Tangu hapo kila swali naanza na mchoro wa nguvu, hata likiwa la maksi mbili. Na kila kipimo nageuza kuwa niutoni na milimita, maana niutoni moja kwa milimita mraba ndiyo megapaskali moja, huna sifuri ya kuhamisha. Nusu ya makosa yangu yalikuwa sifuri. Sapu ikapita.

Mwaka wa nne mradi ulikuwa mashine ya kupukuchua mahindi. Mota ya kilowati 3, mizunguko 1,440 kwa dakika, puli zinaishusha hadi 720. Zidisha kilowati kwa 9,550, gawa kwa mizunguko: torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ni karibu niutoni-mita 40. Kwa mkazo wa megapaskali 40, shafti, mhimili unaobeba puli, inadai kipenyo cha milimita 17.2. Wengi huishia hapo, wakanunua 20 wakidhani wamejipa nafasi. Mkanda je? Ukivuta kwa niutoni 800 puli iliyokaa milimita 50 nje ya beringi, umeongeza niutoni-mita 40 za kupinda. Unganisha zote mbili, kipenyo kinafika 19.3, na hapo hujachimba mfereji wa kii, kipande kinachofunga puli kwenye shafti, wala gunzi halijakwama. Tukaenda 25, beringi namba 6205. Chuma tulipata kwa wauza chakavu, kipande cha milimita 30, kwa elfu chache tu.

Sasa kukereza, yaani kuchonga shafti kwenye mashine inayoizungusha mbele ya kisu. Beringi hii inataka shafti iwe kati ya milimita 25.002 na 25.015. Ya kwanza niliiharibu kwa gurudumu la vipimo: nilitaka kutoa 0.2, nikazungusha 0.2, ikatoka 0.4. Kwenye mashine yetu gurudumu linahesabu kina cha kisu, na kisu kinakula pande zote mbili za mduara. Ziko mashine zinazohesabu kipenyo moja kwa moja, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye sehemu itakayokatwa. Ikabaki 24.8. Chuma hakirudi.

Ya pili iliniuma zaidi. Maikromita, kifaa cha kupimia kipenyo, ilisoma 25.010, safi kabisa. Nikaenda kula, niliporudi beringi ikaingia kwa kidole, ikatoka kwa kidole. Nilipima chuma kikiwa bado moto! Chuma hutanuka kama sehemu 12 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja. Kipenyo cha 25 kikipoa nyuzi 40 kinapungua 0.012. Shafti yangu ilikuwa 24.998. Hesabu hiyo nilishaifanya darasani mara kumi.

Ya tatu, fundi wa karakana akanipa mbinu ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote nilichopewa kusoma. Bakiza 0.4, acha chuma kipoe mpaka mkono usikihisi tofauti na maikromita. Kilichobaki kigawe mikato miwili sawa. Tuseme mkato wa kwanza ulikusudia kutoa 0.20, ukatoa 0.18, kwa kuwa kisu na chuma vinasukumana. Wa pili utasukumana vivyo hivyo, basi toa 0.22 ambayo maikromita inasema imebaki, usifuate mpango wako wa mwanzo. Kina kisibadilike sana na mwendo wa kisu usiguswe kabisa. Ukifanya mkato wa pili mwembamba kama nywele, kisu kinasugua badala ya kukata na hesabu yote inaharibika. Ukipitiliza namba, usirudi nyuma kidogo. Rudisha mzunguko mzima ndipo uje tena upande ule ule, skurubu ya gurudumu ina ulegevu wake.

Ikasoma 25.009, ikiwa baridi. Beringi ikaingia kwa nyundo ndogo na kipande cha bomba kilichokaa kwenye ringi ya ndani. Mwenzangu mmoja aligonga ringi ya nje ya beringi yake. Nguvu ikapitia kwenye gololi, zikaacha alama, na mashine yake ikaanza kuguna kabla ya kuona mahindi.

Ile ya 24.8 inazuia mlango wa chumba changu.