Usiku wa zamu kisiwani Tuti

Agosti 2007 nilikuwa mwanafunzi Khartoum, kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wamesomea. Mwezi ule habari ya mjini ilikuwa moja tu: mto. Ndani ya basi, baada ya swala, kwa akina mama wauza chai walioketi kivulini na majiko yao ya mkaa, watu waliulizana maji yamefika wapi.

Khartoum ni jiji la jangwani. Mvua yake ya mwaka mzima ni kama ya mwezi mmoja wa masika kwetu Mwanza, na mwezi Mei joto hupita nyuzi 40 bila mtu kushangaa. Mwaka ule mvua ilikuwa kubwa hata mjini penyewe, lakini kinachoitisha zaidi Khartoum ni mvua inayonyesha mbali, kwenye milima ya Ethiopia. Nile ya Buluu huibeba, pamoja na udongo wa milima hiyo, ikaishusha jijini kati ya Julai na Septemba.

Ijumaa moja mwanafunzi mwenzangu alinialika kwao Tuti, kisiwa kilichoko pale Nile ya Buluu na Nile Nyeupe zinapokutana, katikati ya miji ya Khartoum, Omdurman na Bahri. Daraja la Tuti lilikuwa bado halijafunguliwa, kwa hiyo tulipanda pantoni karibu na Ukumbi wa Urafiki. Nimekua nikivuka kwenda Kamanga kwa pantoni, kwa hiyo chombo hakikunitisha. Maji ndiyo yaliyonitisha. Yalikuwa mazito na ya kahawia kama uji wa ulezi, yakipita kwa kasi na magogo, matawi na mapovu, na nahodha alilazimika kuelekeza chombo upande mto unakotoka ili kifike kilipokusudiwa.

Baba wa rafiki yangu alitupeleka upande wa magharibi wa kisiwa kabla ya chakula. Kule Nile Nyeupe ilikuwa imetulia, rangi ya kijivu, na mstari wa makutano ulionekana wazi kabisa. Mzee alinieleza kwamba wakati wa mafuriko Nile ya Buluu huwa na nguvu kiasi cha kuizuia mwenzake isiende, ikabaki imejaa nyuma yake. Nilisimama pale muda mrefu. Sehemu ya maji yale ilitoka ziwani kwetu, ikapita Uganda, ikapita vinamasi vya Sudan Kusini ambako mengi hupotea kwa jua, na yaliyosalimika yalikuwa mbele yangu yakingoja njia. Sijawahi kuwa mbali na nyumbani nikajisikia karibu hivyo.

Tulikula kisra, mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia kwenye sinia moja. Baada ya magharibi kipaza sauti cha msikiti kikaita: ukingo wa upande wa Buluu umeanza kulainika. Nyumba nzima ilisimama. Watu wa Tuti wana utaratibu wao wa zamani wanaouita taya. Ukingo wa kisiwa hugawanywa vituo, kila kituo na watu wake wa zamu usiku na mchana, na ikiitwa, kila mwanamume mwenye nguvu anatoka.

"Wewe ni mgeni, mwanangu, pumzika," mzee aliniambia akinionyesha kitanda cha kamba uani.

"Ammi, nimekula chakula chenu," nilimjibu. Akacheka, akanipa koleo.

Tulijaza udongo kwenye viroba vilivyokuwa vya mtama, tukavipitisha mkono kwa mkono hadi ukingoni, ambako waliokomaa kwenye kazi hiyo walivipanga na kuvikanyaga. Mwanasheria alikuwa kando ya mkulima wa bustani, kando ya mvulana ambaye sauti ilikuwa haijabadilika. Hakuna aliyeamrisha kwa kelele. Akina mama walileta chai ya sukari nyingi na mkate, na Hajja, mama wa rafiki yangu, alinitafuta gizani kuhakikisha nimepata.

Kitu ninachokiona mpaka leo ni kijiti. Mzee mmoja alikuwa amekichomeka kwenye tope kandokando ya maji, kimekatwa alama kwa kisu. Kila baada ya muda alichuchumaa, akamulika kwa tochi, akagusa kwa kidole mahali maji yalipoishia, kisha akataja alama kwa sauti na wote wakaacha koleo kusikiliza. Usiku wa manane maji yalikuwa yameshapita alama mbili. Kabla ya alfajiri akataja ileile mara tatu mfululizo, na watu wakaanza kumhimidi Mungu waziwazi. Ukingo ulishika.

Daraja lilifunguliwa 2009, na pantoni ile ikakosa kazi. Kisha Aprili 15, 2023 vita vikaingia Khartoum, Tuti ikazingirwa, na watu waliokuwa wakikataa kuhama kwa ajili ya mto wakahamishwa na bunduki. Rafiki yangu alikimbilia Cairo. Tukizungumza kwa simu huwa ananitajia nani amerudi kisiwani, nyumba kwa nyumba. Ikifika Julai swali langu kwake huwa lilelile: mwaka huu, ukingoni, zamu ina watu wa kutosha?